Sista Rebecca Walo Omana, mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa hesabu Kongo

Rebecca Walo Omana ni mwanahesabu wa Kongo na mtawa wa Kanisa Katoliki. Alizaliwa tarehe 15 Julai 1951. Mwaka 1982 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa hesabu katika nchi yetu.

Masomo yake

Alisomea Kanada: kwanza chuo kikuu cha Québec mjini Montréal, alipomaliza mwaka 1979, kisha chuo kikuu cha Laval. Akarudi nyumbani kufundisha kwenye chuo kikuu cha Kinshasa, UNIKIN. Doktora aliifanya Louvain, Ubelgiji, chini ya profesa Jean Mawhin. Mwaka 1989 wawili hao walitoa utafiti wao pamoja katika jarida la hesabu la Prague.

Hesabu zake ni za namna gani?

Ni ekwasio za diferensia, yaani hesabu za vitu vinavyobadilika. Mtu wa Kalemie anaweza kuzielewa kwa kutazama ziwa. Mvua na mito vinaingiza maji Tanganyika. Jua linayakausha, na mto Lukuga unayatoa. Kipimo cha leo kinasema tu maji yamefika wapi. Ekwasio inaunganisha yanayoingia na yanayotoka, ionyeshe maji yanapanda kwa kasi gani na yanaweza kufika wapi. Kwa wenye nyumba kando ya ziwa, hilo si jambo la ubaoni tu. Kipindupindu pia kinahesabiwa hivyo: wangapi wanaambukizwa, wangapi wanapona.

Kazi aliyojenga

Sista Walo hakubaki na elimu yake peke yake. Kule UNIKIN amesimamia wanafunzi wa doktora. Amekuwa rekta, yaani mkuu, wa chuo kikuu cha Notre-Dame de Tshumbe, jimbo la Sankuru, mbali na Kinshasa. Tena amekuwa makamu wa rais, upande wa Afrika ya Kati, katika shirika la wanawake wanahesabu wa Afrika.

Umuhimu wake uko hapo. Daktari mmoja wa hesabu akifundisha nyumbani, anazaa walimu wengine, nao wanafika hata majimboni. Bila hao, kijana wa Kalemie anayependa hesabu analazimika kutafuta tiketi ya ng'ambo. Na binti anayeambiwa kwamba hesabu ni za wanaume, jibu lipo tangu 1982.