Hamali

Mwite dereva wa foklifti hamali uone atakavyokukodolea macho. Hamali, kwa masikio ya wengi, ni mtu wa gunia begani. Kuli nalo lina harufu hiyohiyo, ingawa Shafi Adam Shafi alilifanya jina la riwaya yake ya mwaka 1979.

Lakini hamali lina ukoo mkubwa. Limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kubeba, na ndugu zake tunao: himila ni mzigo, kuhimili ni kuubeba bila kulemewa, mhimili ni nguzo. Kustahimili kunajulikana na kila afanyaye zamu ya usiku.

Kuhimili ndiyo kazi yenyewe ghalani. Foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma, basi kalio lake hufagia pembeni na kumkumba asiye makini. Uzito wa nyuma ndio unaopimana na paleti iliyo mbele. Zidisha shehena, au itembeze ikiwa juu, mashine inabinuka. Mzigo ukiziba macho, dereva huenda kinyumenyume, shingo imepinda.

Kwangu mimi, huyo ni hamali kamili. Simwambii akiwa ameinua uma.