Upanga na Mwiko: Miaka 27 ya Uhariri wa Spurgeon

Mwezi Januari 1865, Charles Haddon Spurgeon, mchungaji wa Kibaptisti aliyehubiria maelfu ya watu katika Metropolitan Tabernacle, kusini mwa London, alianzisha jarida la kila mwezi. Aliliita The Sword and the Trowel, yaani Upanga na Mwiko, ule mwiko wa mwashi. Jina hilo alilitoa katika kitabu cha Nehemia, ambamo Wayahudi waliorudi kutoka uhamishoni waliujenga upya ukuta wa Yerusalemu, mkono mmoja ukifanya kazi na wa pili umeshika silaha. Alilihariri hadi alipofariki mjini Menton, Ufaransa, tarehe 31 Januari 1892.

Kwa miaka mingi mwiko ndio ulioonekana zaidi. Ufafanuzi wake wa Zaburi, The Treasury of David, ulitoka humo kidogo kidogo kabla ya kukusanywa katika juzuu 7, ya mwisho ikitoka mwaka 1885. Agosti 1866 jarida lilihimiza kuanzishwa kwa shule za kuwalea watoto katika imani. Anne Hillyard, mjane wa kasisi wa Kianglikana, aliyasoma hayo, kisha akamwandikia mhariri kwamba yu tayari kutoa pauni 20,000 kwa ajili ya yatima. Mwaka uliofuata ujenzi wa makao ya yatima ulianza Stockwell. Ni nadra makala ya dini kugeuka matofali upesi kiasi hicho.

Upanga ulichomolewa mwaka 1887. Mwezi Machi na Aprili zilitoka makala mbili zisizo na jina la mwandishi, zilizoandikwa na mchungaji Robert Shindler. Zilisimulia jinsi makanisa yaliyorithi imani ya Wapuritani yalivyoteremka hatua kwa hatua hadi kuukana Uungu wa Kristo, na zikaonya kwamba mteremko huo umeanza tena. Agosti, Spurgeon mwenyewe alishika kalamu. Alidai kwamba wapo wachungaji wanaoidharau kafara ya Kristo na kuyakana Maandiko kuwa yamevuviwa na Mungu, lakini hakumtaja hata mmoja wao. Tarehe 28 Oktoba alijitoa katika Umoja wa Wabaptisti. Januari 1888 Halmashauri ya Umoja ilikubali kujitoa kwake, ikamlaumu kwa kuwatuhumu ndugu bila kutaja majina.

Ugumu wa jambo hili hauishi kwa kusema nani alikosea. Umoja haukuwa na ungamo la imani. Sharti lake kuu lilikuwa ubatizo wa kuzamishwa. Kwa hiyo, hata kama mhariri angetaja majina, kusingekuwa na kipimo cha kuwahukumu waliotajwa, na mjadala wa mafundisho ungegeuka ugomvi wa watu. Kwa upande wa pili, shutuma isiyo na jina humwangukia kila mtu. Mchungaji asiye na hatia hakuwa na namna ya kujitetea, kwa kuwa hakushtakiwa. Tena aliyeshtaki ndiye aliyekuwa mwenye jarida, mwenye kuamua jibu lipi lichapwe na lipi liachwe.

Aprili 1888 mkutano mkuu wa Umoja ulipitisha tamko la imani kwa kura zipatazo 2,000 dhidi ya 7. Ndugu yake mwenyewe, James, aliliunga mkono. Charles hakuridhika, wala hakurudi.

Wahariri wa majarida ya jumuiya ndogo, ziwe za dini au za lugha, wanaujua uzito wa habari hii, maana wasomaji wao na wapinzani wao hutoka nyumba moja. Makala ya 1866 ilimwonyesha msomaji kazi iliyo mbele yake, na mjane mmoja akaitika. Makala za 1887 zilimwachia msomaji kazi ya kukisia ni nani aliyekusudiwa. Huenda onyo lake lilikuwa la haki. Lakini kwa wengi waliolisoma, swali la kwanza halikuwa tena lile la imani, bali la jirani: je, ni huyu?