Matanga ya Mbali katika Mtaa wa Bellevue

Mashariki ya kitovu cha Johannesburg, pale ambapo barabara ya Raleigh ya Yeoville hubadili jina ikaitwa Rockey, ndipo ulipo mtaa wa Bellevue, ambao nyumba zake kongwe, zenye mapaa ya bati na baraza za mbele, ni uzao wa mji uliochipuka baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1886. Apitaye huko kwa haraka huona soko, makanisa na vibanda vya simu, akadhani ameujua mtaa. Lakini historia yake ya ndani, ile iliyopita sebuleni, ni historia ya watu waliokuwa wakiwalilia wazee waliofariki katika miji midogo ya mbali, na hasa mabibi zao, ambao makaburi yao hawakujaliwa kuyatia udongo.

Wa kwanza walikuwa Mayahudi. Kati ya mwaka 1880 na 1910 Mayahudi wapatao 40,000 walihamia Afrika ya Kusini, wengi wao wakitoka Lithuania, na katika karne ya ishirini Yeoville na Bellevue zikawa miongoni mwa maskani yao mashuhuri. Aghalabu kijana alitangulia, akatafuta riziki, kisha akamleta mke na watoto. Bibi alibaki, kwa kuwa uzee hauwiani na safari ndefu ya bahari, na baada ya sheria ya mwaka 1930, iliyobana mno idadi ya watu wa Ulaya ya Mashariki walioruhusiwa kuingia, hata bibi aliyekuwa radhi kusafiri alifungiwa mlango. Barua zilikwenda na kurudi mpaka Juni 1941, majeshi ya Ujerumani yalipoivamia Lithuania. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, katika mji wa Rokiškis, ambao Mayahudi wenyewe waliuita Rakishok, watu zaidi ya 3,000 waliuawa kwa muda wa siku mbili.

Ada ya dini yao ni kwamba wafiwa huketi siku saba juu ya viti vifupi, vioo vya nyumba vikiwa vimefunikwa, nao hawapiki, bali majirani huwaletea chakula. Lakini siku saba zihesabiwe tangu lini, ikiwa siku ya mauti haijulikani? Watu wa Rakishok waliokuwa Johannesburg walifanya jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa ni katika mambo ya heshima kubwa yaliyopata kutendwa na wageni katika mji huu: mwaka 1952 walichapisha, kwa lugha yao ya Kiyidi, kitabu kinene cha ukumbusho wa mji wao, wakaandika ndani yake habari za soko lake, shule zake, ibada zake na watu wake, ili mji ambao watu wake wamekwisha uwe na mahali pa kukaa.

Katika miaka hiyo hiyo nyuma ya nyumba zile za Bellevue, katika vyumba vidogo vya uani, waliishi watumishi wa Kiafrika, kwani Sheria ya Maeneo ya Makabila ya mwaka 1950 haikumruhusu Mwafrika kukaa mtaani humo ila awe mtumishi. Wengi wao walikuwa wanawake waliolea watoto wa wenye nyumba, ilhali watoto wao wenyewe walilelewa na mabibi huko shamba. Vilio vya wanawake hao havikupata sebule.

Sheria ile ilifutwa mwaka 1991. Mayahudi walikuwa wamekwisha kuanza kuhamia vitongoji vya kaskazini, na nyumba walizoziacha zikajaa watu wa mataifa mengi ya Afrika, wakiwamo Wakongo. Na baada ya vita vya Kongo vya mwaka 1996 na vile vya 1998, wakaongezeka watu wa mashariki ya nchi hiyo, wa Bukavu, Uvira, Fizi na Kalemie, waliokuja na Kiswahili chao. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwapa haki ya kufanya kazi na kukaa mjini pasipo kufungiwa kambini, nayo ni fadhila isiyopatikana katika nchi nyingi. Lakini mkimbizi arejeaye katika nchi aliyoikimbia hujitia katika hatari ya kupoteza hifadhi yake. Basi zamani bibi alizuiwa kuja, na sasa mjukuu huzuiwa kwenda kuzika.

Kwa sababu hiyo watu hukaa matanga huko huko Bellevue. Nilihudhuria matanga ya namna hiyo kwa ajili ya bibi mmoja wa Uvira, yaliyowekwa na mjukuu wake, fundi cherehani, katika nyumba iliyogawanywa kwa mapazia ikawa ya jamaa kadhaa. Viti vya plastiki viliazimwa kanisani. Ukutani palikuwa na picha ya marehemu, iliyokuzwa kutoka katika kadi yake ya uchaguzi, ambayo Kongo hutumika kama kitambulisho, na begani pake kipande cha muhuri wa serikali kilikuwa kingali kikionekana, kikubwa kama kiganja. Karibu na mlango alikaa kijana mwenye daftari lililopigwa mistari kwa rula, akiandika jina la kila ajaye na randi alizochanga, ili fedha zipelekwe Uvira siku ile ile. Wanawake waliotoka sokoni walileta sombe (kisamvu) la mawese na ndagala (dagaa), na mwenye msiba hakugusa sufuria.

Chakula kilipokwisha mzee mmoja aliuliza habari za bibi, "Mwanangu, koko alizaa wangapi, na waliobaki ni wangapi?" Kwa swali hilo maisha yakaanza kusimuliwa.

Mwaka wa kuzaliwa haukujulikana, ila alikuwa msichana wa kuteka maji vita vya pili vya dunia vilipokwisha, na wazazi wake walilima pamba ya lazima ya Wabelgiji katika bonde la Ruzizi, siku ambazo Uvira ilikuwa mji mdogo baina ya ziwa na milima. Alipoolewa alianza kuanika ndagala mchangani na kuwauzia wafanyakazi wa kiwanda cha sukari cha Kiliba. Mwezi wa Mei 1964, waasi walipoitwaa Uvira, alipanda milima ya Mitumba na watoto wawili. Nchi ilipoitwa Zaire, na majina ya ubatizo kupigwa marufuku mwaka 1972, aliitwa jina moja ofisini na jingine kanisani, akaitika yote mawili. Mwaka 1993 serikali ilitoa fedha mpya, zaire moja kwa milioni tatu za zamani, na akiba aliyoiweka bwetani kwa ajili ya mahari ya mwanawe haikutosha kununua kitenge. Mwaka 1996 wajukuu walivuka ziwa kwenda Kigoma. Yeye alikataa, kwa kuwa mumewe alizikwa upande wa Uvira. Mafuriko ya Aprili 2020 yalichukua nyumba yake, akajenga tena, naye alikuwa amekwisha kuwa ajuza.

Hapo kila tarehe iliyo katika vitabu vya Kongo ilipita, lakini ilipita ikiwa na njaa yake, bei yake na watoto wake. Na mtu aliyezaliwa Johannesburg, asiyepata kuiona Uvira, aliijua usiku ule kuliko atakavyoijua shuleni. Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kuuza vyungu kabla ya kuimba, alithibitisha kwamba maisha ya mwanamke wa hali ya chini yanastahili kalamu iliyo bora. Siti alikuwa na sifa iliyoenea pwani nzima. Hawa mabibi wa Uvira na Kalemie hawana sifa hiyo, na masimulizi yao hutamkwa mara moja, tanga likaanuliwa, kila mtu akarudi kazini. Na hilo lanisikitisha, maana katika nyumba zizi hizi walikaa watu walioona haja ya kuandika.

Nilimwambia mjukuu habari za kitabu cha Rakishok. Alisikiliza, kisha akalichukua daftari la michango na kuligeuza upande wa nyuma, ambako kurasa zilikuwa tupu, akaomba atajiwe jina la mama yake bibi. Na wazee watatu walibishana juu ya jina hilo mpaka ikapigwa simu Uvira.