Saa za Jumapili Ile

Jua la Mwanza huchelewa. Linachomoza karibu nusu saa baada ya lile la Unguja, ingawa saa za ukutani zinalingana. Kwa hiyo Jumapili ya tarehe 12 Januari 1964, mtu wa Mwanza alipofungua mlango akaona mwanga wa kwanza juu ya Jiwe la Bismarck, Unguja kulikuwa kumekwisha kucha na serikali ilikuwa ikianguka.

Tarehe hiyo sasa ni sikukuu. Kuna gwaride, kuna hotuba, na simulizi lake tunalijua kwa moyo: ghala la silaha, redio, Sultani akitoroka kwa meli. Ukilipima kwa saa, simulizi hilo linaishia kabla ya adhuhuri. Yaliyotokea kuanzia hapo, mchana ule na siku zilizofuata, huko mashamba, hayana sikukuu wala jina. Naona si haki, na nasema hivyo nikiwa miongoni mwa wanaoamini kwamba utawala ule haukuwa na namna ya kudumu.

Tuanzie Jumamosi jioni. Uhuru wa Zanzibar ulikuwa na umri wa mwezi mmoja. Mwingereza, aliyejiita mlinzi wa visiwa tangu 1890, alikuwa ameondoka tarehe 10 Desemba 1963 na kumwachia nchi Sultan Jamshid bin Abdullah pamoja na Waziri Mkuu Mohammed Shamte. Katika uchaguzi wa Julai mwaka huo, chama cha ASP cha Abeid Karume kilipata asilimia 54 hivi ya kura na viti 13 kati ya 31. Vyama vya ZNP na ZPPP viliungana vikachukua 18. Hesabu ya namna hiyo haihitaji mchochezi. Tena kulikuwa na wakulima maskwota waliofukuzwa kwenye mashamba ya karafuu kwa sababu ya kura zao, na machafuko ya Juni 1961 yaliyoua watu 68, wengi wao Waarabu. Kana kwamba hayo hayatoshi, serikali changa ikaanza kuwaachisha kazi polisi waliotoka bara. Watu wanaojua ghala la bunduki liko wapi na zamu hubadilishwa saa ngapi wakaachwa mitaani Ng'ambo, hawana mshahara, hawana nauli. Ningekuwa mshauri wa Shamte, hilo ningelizuia kabla ya jambo lingine lolote.

Usiku ule ASP walikuwa na sherehe. Watu walikuwa nje mpaka saa za usiku mwingi, na kundi la vijana njiani halikumshtua mtu.

Saa tisa usiku. Makundi mawili makubwa yanaelekea sehemu mbili: makao ya polisi Ziwani na kambi ya polisi Mtoni. Wana mapanga, mikuki, pinde, mashoka na vyuma vya gari. Bunduki karibu hawana. Anayeongoza Ziwani ni John Okello, fundi wa ujenzi aliyepata kuishi Pemba, mtoto wa Lango huko Uganda. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alikata waya wa uzio, akamvamia askari wa lindo, wakapigania bunduki gizani mpaka akaipata. Mtu mmoja kung'ang'ania mtutu na mwenzake kung'ang'ania kitako: hivyo ndivyo dola ya karne na zaidi ilivyoanza kubomoka. Baada ya muda mfupi ghala lilikuwa wazi na silaha zikigawiwa. Mtoni nako kukaanguka.

Saa moja asubuhi. Redio ya Raha Leo imo mikononi mwa wanamapinduzi. Sauti inayotoka humo inamshangaza kila Mzanzibari, maana Kiswahili chake si cha mjini wala cha shamba. Ni cha mtu wa bara ya mbali. Ni Okello, na anajiita Field Marshal. Anatoa amri juu ya amri, na vitisho vya kutisha kupita kiasi: mpaka anamtaka Sultani awaue wake zake na watoto wake, kisha ajiue. Wapo wanaosimulia hotuba zile kama kichekesho. Kwa aliyejifungia ndani na wanawe, akisikiliza redio iliyowekwa chini ya mto wa kitanda ili jirani asisikie, hakikuwa kichekesho.

Asubuhi hiyo hiyo Sultani anapanda meli yake, Seyyid Khalifa, na kuondoka. Mombasa wanamkatalia kushuka. Baadaye anaruhusiwa kupitia Dar es Salaam, na safari yake inamfikisha Uingereza. Shamte ameomba msaada wa Waingereza, wamekataa. Kituo cha polisi cha Malindi, karibu na bandari, ndicho kilichoshikilia muda mrefu kuliko vyote. Karume mwenyewe amevushwa kwenda Dar es Salaam, aliko Abdulrahman Babu, ambaye chama chake cha Umma kilikuwa kimepigwa marufuku siku chache nyuma. Hapa ndipo simulizi la gwaride huishia.

Adhuhuri na kuendelea. Bunduki zimekwisha kuwa nyingi kuliko viongozi. Wafungwa wametoka. Makundi yanatoka mjini kuelekea kaskazini na mashariki, na mengine yanaanzia huko huko vijijini, bila amri ya mtu. Wanakwenda dukani.

Ni lazima nilieleze duka hili, kwa sababu ndilo lililobeba lawama ya karne nzima. Mwenyewe alikuwa Mmanga. Hakuwa wa zile familia kubwa za Kiarabu zenye mashamba ya karafuu na nyumba za ghorofa Mji Mkongwe. Alikuja kutoka Oman na jahazi la kaskazi, maskini, akaanza kwa kuchukua mizigo au kuzungusha dele la kahawa, mpaka akapata kibanda njia panda. Ndani kuna mizani, gunia la mchele lililokunjwa mdomo, pipa la mafuta ya taa, sabuni ya mche inayokatwa kwa uzi, na kibaba. Nyuma, pazia, na nyuma ya pazia mke na watoto. Juu ya meza kuna daftari la madeni, lenye jina la kila jirani. Daftari hilo, nadhani, liliua watu wengi kuliko kumbukumbu yoyote ya minyororo.

Sisi wa huku Mwanza duka hilo tunalijua. Nenda Misungwi, nenda Nassa, vuka Sengerema: kila mnada wa zamani wa pamba ulikuwa na Mwarabu wake, anauza chumvi na kaniki, anaongea Kisukuma cha kukukata ulimi, na nusu ya wanawe ni wajukuu wa mzee fulani wa kijiji hicho. Ukimwondoa Mmanga wa Unguja kwenye mchanga mweupe ukampandisha treni mpaka Mwanza, ni mtu yule yule. Na waliomwendea Jumapili ile nao baadhi yao walikuwa wa kwetu. Wanyamwezi walikuwa wakienda Unguja kwa vizazi, kulima na kuchuma karafuu. Walikuwa sehemu ya Ng'ambo kama Wazaramo na Wamakonde. Hatuwezi kuyaangalia mauaji yale kama mambo ya kisiwani.

Alasiri. Vijiji vya kaskazini vinawaka. Nyumba zinazungukwa, wanaume wanatolewa nje, na mara nyingi haiishii kwa wanaume. Wanawake wanadhalilishwa. Bidhaa zinabebwa. Wapo Wamanga waliokuwa na bunduki za kuwindia wakajibu kwa risasi, na nyumba za hao zilichomwa na wote waliokuwamo. Wapo pia majirani waliowaficha watu darini na mashimoni, wakaapa mbele ya mapanga kwamba ndani hamna mtu.

Wazungu? Okello aliamuru wasiguswe. Wamarekani waliondoka Jumatatu kwa manowari yao, Waingereza wakafuata baada ya siku chache, na masanduku yao. Yaani mkoloni aliyegawa majimbo ya uchaguzi, aliyewahesabu watu kwa makabila na kuwapa haki kwa rangi, ambaye bendera yake ilikuwa imeshuka mwezi uliotangulia tu, alipakia mizigo yake kwa amani. Kisasi kilimwendea aliye karibu.

Nalitazama jambo hili na Haiti akilini. Huko watumwa walipindua kweli kweli, wakatangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804, na kati ya Februari na Aprili Dessalines akaamuru Wafaransa waliobaki wauawe. Walikufa maelfu, wanawake na watoto wakiwamo. Siwezi kulitetea. Lakini wengi wa waliouawa Haiti walikuwa wa tabaka lililomiliki watu miaka kumi hivi tu nyuma, na jeshi lao lilikuwa limetoka kujaribu kurudisha utumwa. Unguja utumwa ulikomeshwa kisheria mwaka 1897, miaka 67 nyuma, na fidia wakalipwa wenye watumwa, si watumwa. Mmanga wa njia panda wakati huo hajazaliwa, na baba yake labda alikuwa akichunga mbuzi Oman. Deni lilikuwa la kweli. Aliyelipishwa siye aliyekopa.

Huku kwetu, kwenye Ziwa Victoria, kisasi kilipata kuwa na anwani. Kageyi, upande wa Magu, palikuwa na mfanyabiashara Songoro, aliyekuwa akiunda jahazi mpelelezi Stanley alipofika Februari 1875. Biashara yake ilikuwa pembe na watu. Desemba 1877 aliuawa Ukerewe na watu wa Mtemi Lukonge, pamoja na wamisionari wawili Waingereza, katika ugomvi wa mashua. Ukatili, naam; ila kila aliyekuwa pale alijua anagombana na nani na kwa kitu gani.

Magharibi. Huku Mwanza jua lilikuwa bado halijazama lilipozama Unguja. Jumapili ile haikwisha na giza. Jumatatu Karume, Babu na Abdalla Kassim Hanga waliingia kutoka Dar es Salaam, ikatangazwa Jamhuri, Karume Rais. Walikuta Field Marshal ana redio na wao hawana. Mauaji yaliendelea kwa siku kadhaa, nao wakajitahidi kuyapunguza, kwa haraka ambayo watu hubishania mpaka leo. Mwezi wa Ramadhani uliandama wiki hiyo hiyo. Maelfu walikuwa kizuizini, wakafungulia walichopewa, na baadaye wengi walipakiwa vyomboni kupelekwa Uarabuni, wakiwamo waliozaliwa Unguja na ambao mama zao walizaliwa Unguja.

Pemba damu haikumwagika kwa kiasi hicho. Viboko vya hadharani vya Pemba vilikuja baadaye, na vinahitaji makala yake.

Kisha moto ukavuka bahari. Tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na mchana wake maduka yakaporwa. Magomeni, Mwarabu aliyefyatua bunduki kulinda duka aliuawa yeye na jamaa zake. Siku ya pili yake wakaasi askari wa Tabora. Tabora ndiko reli yetu inakoungana na ile ya kati. Kutoka pale mpaka Mwanza ni usiku mmoja wa treni. Makomando wa Uingereza walizima maasi Colito tarehe 25, na maduka ya Waarabu wa Usukuma yakaendelea kufunguliwa asubuhi. Naweza kutaja sababu nyingi kwa nini hayakuchomwa: hapakuwa na Sultani, Mwarabu hakuwa na ardhi kubwa, mwenye nguvu ya biashara ya pamba alikuwa Mhindi na baadaye chama cha ushirika. Sababu hizo zote ni za kweli. Ila karibu zote zingeweza kutajwa pia kwa Mmanga wa Unguja, na hazikumsaidia.

Idadi ya waliokufa haijawahi kukubaliwa. Makadirio yanaanzia mamia kadhaa na kupanda mpaka karibu elfu ishirini, kila upande na tarakimu yake. Ushahidi wa macho unaojulikana zaidi ni wa Wataliano waliopita juu ya kisiwa kwa ndege wakapiga picha za miili na makaburi ya halaiki. Picha hizo zimo katika filamu yao ya 1966, Africa Addio, filamu iliyojaa dharau kwa Waafrika, na kwa sababu hiyo wasiotaka kuziona wana kisingizio kizuri cha kufumba macho.

Okello aliondolewa Zanzibar kabla ya Muungano wa 26 Aprili, akahangaika nchi hadi nchi, akachapisha kitabu chake 1967, na baada ya 1971, wakati wa Idi Amin, hakuonekana tena. Karume aliuawa kwa risasi Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Jamshid aliishi Uingereza zaidi ya miaka hamsini, akakubaliwa kuhamia Oman 2020, akafia huko Desemba 2024. Kila mmoja wao ana tarehe yake.

Wenye maduka hawana. Waliokuwa na miaka kumi Jumapili ile sasa wamepita sabini. Wako Unguja, wako Muscat ambako bado wanaongea Kiswahili nyumbani, na wako waliokimbilia bara wakaishia huku ziwani. Anayetaka kuandika majina ya waliouawa, kijiji kwa kijiji, duka kwa duka, awahi kuwauliza.