Mbio za Kuwafaa Wengine

Marathoni ni mbio za kilomita 42 na mita 195, na siku hizi watu wengi hujizoeza kuzikimbia ili wachangishe fedha za wagonjwa na maskini. Wewe uliye Namoruputh au Lodwar usidhani jambo hilo ni la ng'ambo tu.

Jirani zetu wa kusini, Wapokot, walimzaa Tegla Loroupe. Utotoni alikimbia kilomita zipatazo 10 kwenda shule. Mwaka 1994 alikimbia marathoni yake ya kwanza mjini New York akashinda, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuzishinda mbio zile.

Je, sifa hiyo aliitumiaje? Mwaka 2003 aliunda shirika la amani, akawakutanisha Wapokot, Waturkana na Wakaramojong katika mashindano ya mbio, watu waliozoea kunyang'anyana mifugo kwa bunduki. Baadaye shirika hilo liliteua wakimbizi wa Kakuma, ambao baadhi yao walikuwa wamezoea kukimbia peku, wakafundishwa Ngong. Mwaka 2016 watano kati yao walikimbia katika Olimpiki ya Rio de Janeiro, na Rose Nathike Lokonyen akaibeba bendera ya timu yao.

Basi nawe ukitaka kukimbia kwa ajili ya wenzio, anza na mwendo mfupi, uuongeze juma kwa juma, na siku ya kupumzika upumzike. Haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo ijavyo pumzi, ndivyo ujavyo mchango, na ndivyo ijavyo amani.