WALIPEWA MIAKA MITATU WAJUE KIHISPANIA



Ndugu zangu, siku hizi wengi mnajifunza lugha kwenye simu. Anayejifunza Kihispania hakai sana kabla hajakutana na "hasta", maana yake mpaka. Hiyo ni "hattaa" ya Kiarabu, ndiyo "hata" yetu, kama wazee wanavyosema "hata asubuhi". Akisonga mbele anamkuta "fulano". Huyo ni fulani! "Aceituna" ni zeituni, "azúcar" ni sukari, na "alcalde", mkuu wa mji, asili yake ni kadhi. Mtu anacheka, anawaonyesha wenzake. Lakini je, unajua wenye maneno hayo walikwenda wapi?

Granada ilianguka tarehe 2 Januari 1492. Mkataba uliwaachia Waislamu dini yao, misikiti yao na makadhi wao. Haukufika miaka kumi. Kuanzia mwisho wa 1499, chini ya Askofu Mkuu Cisneros, watu walilazimishwa kubatizwa na vitabu vya Kiarabu vikachomwa hadharani. Waliobatizwa wakaitwa Wamorisko.

Mwaka 1505 mtawa mmoja, Pedro de Alcalá, alichapisha kitabu cha kuwafundisha mapadri Kiarabu. Zingatia hapo: kwanza aliyetakiwa kuhangaika na lugha ya mwenzake alikuwa padri. Baadaye mzigo ukageuzwa. Tarehe 1 Januari 1567 ikatangazwa amri ya Mfalme Felipe wa Pili: Wamorisko wa Granada wamepewa miaka mitatu wajue Kihispania. Ikiisha, ni marufuku kusema, kusoma wala kuandika Kiarabu, sokoni au ndani ya nyumba. Nguo zao, majina yao na hamamu zao navyo vikapigwa marufuku.

Mzee mmoja wa Kimorisko, Francisco Núñez Muley, aliandika kupinga. Hoja zake zilikuwa nyepesi kueleweka. Wazee hawawezi kuijua lugha ngeni hata wakipewa umri wao wote uliobaki. Na Wakristo wa Malta na wa nchi za Mashariki wanasema Kiarabu, mbona Ukristo wao haujaharibika? Hakusikilizwa. Desemba 1568 watu wa milima ya Alpujarras wakaasi, na vita ilipokwisha wa Granada wakatawanywa Castilla.

Sasa nenda kaskazini, Aragón. Huko Waislamu walikuwa wameshapoteza Kiarabu siku nyingi, wanasema lugha ya jirani zao. Jambo hilo lilishaonekana Castilla pia: mwaka 1462 Isa de Gebir, mufti wa Segovia, aliandika kitabu cha fiqhi kwa Kihispania, kwa kuwa watu wake hawakuwa wakielewa tena Kiarabu. Herufi, hata hivyo, wengi hawakuziacha. Waliandika Kihispania kwa alif, ba, ta, kwa siri, chini ya macho ya mahakama ya kanisa.

Hapa ndipo ninapopapenda. Kiarabu hakina p, wakafanyaje? Waliandika ba yenye shadda. Wazee wetu wa Lamu na Zanzibar walipoandika Kiswahili kwa herufi hizo walipambana na p hiyohiyo. S ya Kihispania waliiandika kwa shini, na katika tamthilia za zama zile Mmorisko alichekwa jukwaani kwa kutamka "sh" penye s. (Wapo wanaosema j ya Kihispania, inayosikika kama kha, imetoka kwa Waarabu. Si kweli, tusijipe kisicho chetu. Ilitokana na sauti ya "sh" ndani ya Kihispania chenyewe.)

Na msamiati? Swala waliita "azala", zaka "azaque", sura "azora". Kusujudu walichukua mzizi wa Kiarabu wakaubandika mwisho wa kitenzi cha Kihispania, sawasawa na sisi tulivyoubandika "ku" mbele. Jina la Mwenyezi Mungu wengi hawakulitafsiri. Hawakuandika "Dios". Waliandika Allah.

Kati ya 1609 na 1614 walifukuzwa wote, wapatao laki tatu. Zamu ya Aragón ilikuwa 1610. Wengi waliishia Tunis, Algeria na Morocco, na huko wakafika wakisema Kihispania, wageni kwa mara ya pili.

Mwaka 1884, katika kijiji cha Almonacid de la Sierra huko Aragón, nyumba kuukuu ilikuwa ikibomolewa. Chini ya sakafu ya mbao kulikuwa na sakafu nyingine, na katikati yake vitabu vingi vya mkono. Baadhi vilipotea palepale, kwa kuwa waliovikuta hawakujua ni nini. Vilivyosalia, vingi viko Madrid. Ukivifungua unaona herufi za Qur'ani. Ukivisoma kwa sauti, ni Kihispania.