Picha za ngoma Goma: historia ya lensi ya kuvuta mbali, na namna ya kuchagua isiyo ya bei kali

Mpiga picha kijana wa Birere akianza kupata kazi za dote, harusi na mashindano ya kucheza, hufika siku moja mahali ambapo lensi ndogo iliyokuja na kamera haimtoshi tena. Mchezaji yuko jukwaani, mita 20 mbele, naye amesukumwa nyuma na watu. Kwenye picha, mchezaji anaonekana mdogo kama kidole. Hapo ndipo anaanza kutafuta lensi ya kuvuta mbali, ile ya zumu, na kuulizia bei.

Swali lake la kwanza huwa: inavuta mpaka wapi? Lakini historia ya picha za ngoma katika Kongo inaonyesha kwamba umbali si shida kubwa. Shida kubwa, tangu mwanzo, ni mwanga. Mwenye kulielewa jambo hilo hataharibu mafranga yake.

Kabla ya zumu

Mmoja wa watu waliopiga picha nyingi za ngoma katika sehemu hii ya Afrika ni Casimir Zagourski, Mpolandi aliyekuwa afisa katika jeshi la mfalme wa Urusi. Alifika Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mwaka 1924, akafungua studio. Baadaye alizunguka Kongo, Rwanda na nchi za jirani, na picha zake zikauzwa kama kadi za posta kwa jina L'Afrique qui disparaît, maana yake "Afrika inayotoweka". Kati ya picha hizo wamo wachezaji wa Rwanda walionaswa wakiruka.

Wakati huo lensi ya zumu kwa kamera za picha ilikuwa bado haijapatikana. Aliyetaka mchezaji aonekane mkubwa alimsogelea kwa miguu. Kumshika mtu anayeruka kulihitaji jua kali, na pia jicho lenye kujua mdundo, kwa sababu mrukaji anapofika juu kabisa husimama hewani kwa kitambo kidogo sana kabla ya kushuka. Anayebonyeza wakati huo hupata picha safi hata kama kamera yake si ya mwendo wa haraka. Siri hiyo ingali inafanya kazi, na haina bei.

Mambo mawili katika kadi hizo yanastahili kukumbukwa. Kwanza, jina la "inayotoweka" halikuwa la kweli: intore wanaruka mpaka leo. Pili, kadi nyingi za aina hiyo zilitaja kabila na si jina la mtu. Mchezaji alionekana na dunia nzima, lakini nani aliyekuwa akicheza, hakuna aliyeandika.

Usiku wa Depara

Katika miaka ya 1950 kamera ilikuwa imeingia mikononi mwa Waafrika wa mijini. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka 1928, alinunua kamera ndogo ya Adox mwaka 1950 ili apige picha za harusi yake mwenyewe. Akahamia Léopoldville, na mwaka 1954 mwanamuziki Franco akamchagua awe mpiga picha wake. Depara alitembea usiku katika baa na majumba ya kucheza, akiwapiga picha vijana waliovaa vizuri wakicheza rumba na cha-cha-cha.

Tofauti na ngoma za mchana, kwenye baa jua halipo. Depara alitumia taa ya flashi na kuwakaribia watu wake. Njia hiyo yafaa pale mchezaji na mpiga picha wanapofahamiana na ukumbi ni mdogo. Kwenye jukwaa kubwa flashi ndogo haifiki, na mara nyingi wenye kuandaa tamasha hawaitaki, kwa kuwa inawasumbua wachezaji.

Zumu inafika

Lensi ya kwanza ya zumu kwa kamera za filamu ya milimita 35 ni Voigtländer Zoomar, iliyotoka mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Kongo. Ilitoka milimita 36 mpaka 82. Tangu hapo viwanda vilishindana kurefusha. Mwaka 1995 Canon ikatoa lensi ya 75-300 yenye kituliza mtikisiko, ya kwanza ya namna hiyo kwa kamera za kubadilisha lensi.

Hapo wengi wanadanganyika. Kituliza mtikisiko kinatuliza mkono wa mpiga picha, hakimtulizi mchezaji. Kikipiga picha ya jengo wakati wa giza kinasaidia sana. Kwa kijana anayezunguka kwa kichwa sakafuni, picha itatoka na miguu yenye ukungu vilevile.

Kinachomgandisha mchezaji ni kasi ya kamera. Kwa ngoma, ni vema kuanza na 1/250 ya sekunde, na 1/500 kwa wanaoruka. Kasi hiyo inataka mwanga mwingi, na mwanga unapitia kwenye tundu la lensi. Ndiyo maana kwenye lensi pameandikwa namba kama f/2.8 au f/5.6. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lensi ya milimita 200 kwenye f/2.8 ina tundu la karibu milimita 71, kwenye f/5.6 ni karibu milimita 36. Kwa hiyo ya kwanza inaingiza mwanga mara nne. Mahali ambapo f/2.8 inaruhusu 1/500, f/5.6 inaruhusu 1/125 tu, na 1/125 haimshiki mrukaji.

Jukwaa la Goma

Goma ina desturi yake ya kucheza mbele ya watu. Yolé!Africa, iliyoanzishwa na Petna Ndaliko Katondolo, imewalea vijana wengi katika dansi, muziki na filamu. Tamasha la Amani lilipangwa lianze mwezi wa Agosti 2013, likasogezwa kwa sababu ya vita, na likafanyika Februari 2014 katika shule ya Mwanga. Huko ngoma za asili na dansi za vijana zilipanda jukwaa moja.

Mpiga picha wa hapa anapaswa kukumbuka kwamba Goma iko karibu na mstari wa ikweta. Jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza linaingia haraka. Shindano lililoanza saa tisa kwenye jua linaweza kumalizikia chini ya taa mbili, na fainali ndiyo inayochezwa mwisho. Basi kabla ya kununua, ajiulize: kazi zangu nyingi ni za mchana au za usiku?

Kwa mwenye kazi za mchana, lensi kama Canon 55-250, au Nikon 55-200, inatosha. Ni nyepesi, na ni kati ya zile za bei ya chini. Kwenye kamera ndogo za kawaida za Canon, 55-250 inaona kama 88 mpaka 400. Udhaifu wake ni f/5.6 ikivutwa hadi mwisho. Jua likizama, nayo imekwisha.

Kwa mwenye kazi za usiku, njia ya bei nafuu kuliko zote si zumu hata kidogo. Ni lensi isiyovuta, kama 85 ya f/1.8. Canon iliitoa ya kwake mwaka 1992 na bado inapatikana ikiwa imetumiwa. Inambidi mpiga picha afike mapema na kushika nafasi mbele, lakini mwanga wake ni karibu mara kumi ya ule wa f/5.6.

Kwa anayetaka yote mawili, zipo lensi za zamani za f/2.8 na f/4. Canon 70-200 ya f/4, iliyotoka mwaka 1999, inaingiza mwanga mara mbili ya f/5.6. Nikon nayo ilikuwa na 80-200 ya f/2.8. Ni nzito, lakini kioo chake ni kizuri. Tahadhari moja: zile za zamani hazina mota ndani, na kamera ndogo za Nikon za jamii ya D3000 na D5000 haziwezi kuzilenga zenyewe. Mpya za f/2.8 ni mlima mwingine: Canon 70-200 ya mwaka 2018 ilitoka kwa dola 2,099.

Kwa kitu kilichotumiwa, kwanza ni kuangalia kioo kwa kumulika tochi ya simu: ukungu wenye nyuzi kama utando wa buibui ni uyoga, na haufai. Mchanga ukisikika unapozungusha zumu, iache. Vumbi la volkeno ni adui wa lensi. Kisha mnunuzi aiweke kwenye kamera yake mwenyewe, afungue tundu mpaka mwisho, apige maandishi ukutani, na akuze picha kuona kama herufi ni safi. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu.

Picha ni ya nani

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliteketeza karibu asilimia 13 ya mji wa Goma na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makao. Albamu haziwezi kukimbia. Mwanzoni mwa 2025 vita viliingia ndani ya mji, benki zikafunga milango, na kambi za wahami kama Bulengo na Lushagala zikavunjwa. Anayehama vita hubeba mtoto, godoro na sufuria. Ngoma ya kijijini kwake hubeba mwilini.

Kwa familia iliyotoka Masisi au Rutshuru, picha ya binti akicheza hatua alizofundishwa na bibi yake ni ushahidi wa walikotoka. Ndiyo maana dola zinazokusanywa moja moja zisipotee kwenye lensi ya 300 isiyoona jioni. Na ndiyo maana kazi haimaliziki kwa kubonyeza. Aombe ruhusa kwanza, maana wako wasiotaka ijulikane walipo. Anayekubali, aandike jina lake, ngoma yake na mahali inapotoka. Ampe nakala kwenye simu, na nyingine aiweke mahali pawili. Kadi za zamani zilituachia miruko bila majina, na majina hayo hakuna lensi inayoweza kuyavuta tena.